"Nimekunywa Chai Tu": Mambo ya Kumwambia Daktari wa Usingizi

Asubuhi moja nilikuwa nimeshavaa nguo za thieta, natayarisha vitanda vya chumba cha kuzindukia katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Uingereza. Mwenzangu akaja kuniita. Kulikuwa na mama mmoja Mswahili anayesubiri kuingizwa kutolewa mfuko wa nyongo, na mwanawe, kijana wa chuo, ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Fomu zilikuwa zimekamilika. Aliulizwa mara mbili kama amekula, na mara zote mbili jibu lilikuwa hapana. Mimi niliitwa nimsalimie tu, maana mama alionekana ana hofu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, nimepata mtu wa nyumbani."

Tukaulizana habari za watoto na za kwetu. Kisha, kwa mazoea tu, nikamuuliza: "Asubuhi umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa na kipande cha chapati, nipate kumezea dawa ya presha. Lakini sijala kitu."

Mama hakudanganya. Kijana wake naye hakudanganya. Kwetu kula ni kula: wali, ugali, ndizi. Chai ni chai. Swali lilitafsiriwa sawasawa na jibu likatafsiriwa sawasawa, ila maana ndiyo iliyopotea njiani.

Upasuaji ukaahirishwa. Kijana alikasirika, na sikumlaumu. Alikuwa ameacha masomo siku hiyo, na dada yake ameomba ruhusa kazini. Akaniambia, "Dada, kwa kikombe cha chai tu?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kazi ilikuwa inaningoja. Makala hii ndiyo jibu langu refu kwake, na kwa kila familia yetu iliyo ughaibuni na itakayoingia thieta siku moja.

Usingizi usio usingizi

Nyumbani tunasema mtu "amepigwa nusu kaputi". Hospitalini tunamwambia mgonjwa kwa upole kwamba "atalazwa usingizi". Neno hilo la upole linatuponza. Mtu aliyelala kitandani kwake ukimfinya atashtuka. Mbu akimng'ata atajikuna. Mate yakimpalia atakohoa na kugeukia upande wa pili. Yeye amelala, lakini walinzi wa mwili wake wako macho. Dawa za nusu kaputi zinawalaza na hao walinzi.

Dawa inayotumika sana hapa kuanzisha usingizi huo inaitwa propofoli. Ni nyeupe kama maziwa kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya. Inaingizwa kwenye mshipa wa mkono, mara nyingi inachoma kidogo, na kabla ya dakika moja kwisha mgonjwa hajui tena kinachoendelea. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza mawasiliano ya seli. Propofoli huipa nguvu kemikali hiyo mpaka sehemu za ubongo zinazotupa fahamu zinaacha kuzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Lakini haiishii kwenye ubongo. Propofoli hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka. Hupunguza pumzi, na mara nyingi huisimamisha kabisa kwa muda. Kwa hiyo daktari wa usingizi hakuchomi sindano akaondoka. Anabaki kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, anakupumulia kwa mashine, anatazama moyo, presha na oksijeni. Dawa hii ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu cha kifo cha Michael Jackson mwaka 2009. Yeye alipewa nyumbani, bila uangalizi unaotakiwa. Thieta dawa hiyohiyo hutolewa kila siku kwa usalama, kwa sababu kuna mtu na vifaa vya kufanya kazi ya wale walinzi waliolala.

Dozi moja ya propofoli huisha nguvu baada ya dakika chache. Ili mgonjwa asiamke katikati, daktari huendelea kumpa dawa kwa pampu, au humvutisha gesi kama sevoflureni. Gesi huingia kwa mapafu na sehemu kubwa hutoka kwa mapafu hayohayo. Ikifungwa, mgonjwa anaipumua nje na kuanza kurudi. Wengi huniuliza, "Je, nikiamka ninapasuliwa?" Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, uliotolewa mwaka 2014, ulikadiria kwamba jambo hilo huripotiwa kwa mgonjwa 1 kati ya 19,000 hivi. Lipo, lakini ni nadra.

Kwa nini chai ni jambo kubwa

Kooni kuna njia mbili zilizo jirani: ya chakula na ya hewa. Ukiwa macho, chakula kikikosea njia unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Hiyo ndiyo salama yako. Dawa za usingizi zinaondoa kikohozi hicho, na pia zinalegeza mlango wa juu wa tumbo. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu pamoja na asidi yake. Mtu anaweza kupata nimonia mbaya, na anaweza kufa.

Kanuni ya kawaida kwa mtu mzima ni hii: chakula kikome muda wa saa 6 kabla ya usingizi, na vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga vikome muda wa saa 2 kabla. Maji ni kinywaji chepesi. Chai ya rangi pia. Chai ya maziwa yetu, ile iliyochemshwa na maziwa tangu sufuriani, ihesabu kuwa chakula. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Kipande kimoja cha mkate ni chakula. Fuata barua ya hospitali yako, maana wapo wanaopewa masharti tofauti.

Angalia pia mtego wa saa zetu. Mtafsiri akikuambia "usile saa sita", muulize: ni muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, au ni saa sita ya usiku? Na ukiambiwa ufike saa 7 ya Kizungu, hiyo ni saa moja ya asubuhi.

Kama unachoma sindano za kupunguza uzito au za sukari zenye dawa kama semaglutidi, sema mapema. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo hata aliyefunga tangu usiku anaweza kuwa bado na chakula ndani.

Siri za ukoo

Katika upasuaji mwingi hutumika pia dawa ya kulegeza misuli, ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi na mpira wa kupumulia uingie bila shida. Dawa hizi hazilazi. Zinakata amri inayotoka kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli, hata misuli ya kupumua ikasimama. Mojawapo inaitwa suksamethoniamu. Kwa kawaida huisha nguvu baada ya dakika chache, kwa sababu kimeng'enya kilicho ndani ya damu huivunja haraka. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Kwao, dawa ya dakika chache inaweza kudumu kwa saa kadhaa. Hawafi ikiwa wanapumuliwa na mashine mpaka iishe, lakini ni muhimu daktari ajue mapema.

Wapo pia wachache wenye urithi mwingine wa hatari zaidi: wakipewa gesi za usingizi au suksamethoniamu, misuli yao huanza kuchoma nguvu bila breki, joto la mwili likapanda ghafla na moyo ukaingia matatani. Ipo dawa ya kuwaokoa, dantroleni, na zipo njia za kuwalaza bila kuwapa vichochezi hivyo. Mzazi mwenye urithi huu anaweza kumrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu.

Hapa ndipo sisi wa ughaibuni tunapopungukiwa. Mwenyeji wa hapa rekodi zake na za wazazi wake mara nyingi ziko hospitalini. Rekodi zetu ziko vichwani mwa shangazi na bibi. Ukiulizwa kama kuna mtu wa familia aliyepata tatizo na dawa za usingizi, usikimbilie kusema hapana. Piga simu nyumbani kabla ya siku hiyo. Uliza: nani alipasuliwa? Nani "alichelewa kuamka"? Nani alikufa mezani, na tukaambiwa ni siku zake zimefika? Uliza pia kuhusu selimundu. Mwenye selimundu anaweza kulazwa usingizi, ila anahitaji joto, maji na oksijeni ya kutosha, kwa sababu baridi na kukauka kwa mwili vinaweza kuzikunja seli zake na kuziba mishipa.

Kuna jambo moja ambalo akina dada wengi hatuambiwi. Mwisho wa upasuaji, dawa nyingine ya kulegeza misuli, rokuroniamu, huweza kuondolewa nguvu kwa dawa iitwayo sugamadeksi. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri, lakini hupunguza nguvu ya uzazi wa mpango wa homoni. Kama unatumia vidonge, sindano au kijiti, uliza ulipewa nini. Ukiwa ulipewa hiyo, utashauriwa utumie kinga nyingine, kama kondomu, kwa siku 7.

Sindano ya mgongo

Si kila upasuaji ni nusu kaputi. Wengi wanaojifungua kwa upasuaji huchomwa sindano ya mgongo, na hofu yake ni kubwa kuliko hofu ya kisu. "Utapooza." "Mgongo utakuuma maisha." Nimeyasikia Dar es Salaam na nimeyasikia hapa.

Kinachoingizwa ni dawa ya ganzi, mara nyingi bupivakaini, ndugu wa ile inayotumiwa na daktari wa meno. Dawa za ganzi huziba vijilango vinavyopitisha umeme wa mishipa ya fahamu, hivyo habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia na kubaki mishipa inayoelea ndani ya maji. Utahisi joto miguuni, kisha uzito, kisha hutaweza kuinyanyua. Bado utahisi kuguswa na kuvutwa, lakini si kukatwa. Ukihisi maumivu makali, sema, tena kwa sauti. Usivumilie kwa sababu ya heshima. Dawa inaweza kuongezwa, au njia ikabadilishwa.

Presha hushuka, kwa sababu dawa hulegeza na mishipa ya damu ya miguu. Mama huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na hupewa dawa ya kuipandisha. Kutetemeka ni kawaida. Maumivu ya pale palipochomwa huweza kudumu siku chache. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu baada ya kujifungua ni ya kawaida hata kwa wasiochomwa, maana mimba yenyewe huubebesha mgongo mzigo. Ila ukipata kichwa kinachouma sana ukikaa na kupoa ukilala, rudi hospitali, kinatibika. Ukipata homa, ganzi isiyoisha au kushindwa kukojoa, usisubiri kesho.

Kuhusu kunyonyesha, mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Uingereza wa mwaka 2020 unasema mama anaweza kumnyonyesha mtoto mara tu anapokuwa macho na ana nguvu. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga maziwa. Hata hivyo, uliza kuhusu kila dawa ya maumivu utakayopewa kwenda nayo nyumbani.

Waliowahi kuona mambo

Baadhi ya wazee wetu hukataa upasuaji kwa sababu ya kilichowapata zamani nyumbani. Mzee mmoja aliniambia alipopasuliwa henia aliona dari linafunguka na marehemu baba yake anamwita. Familia ilitafuta shehe wa kumsomea.

Dua haina ubaya. Lakini inaelekea alipewa ketamini. Dawa hii ilijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1970. Imewaokoa watu wengi sana katika hospitali za wilaya kwetu, kwa sababu kwa kawaida haisimamishi pumzi na haishushi presha kama propofoli, hivyo inafaa hata pale ambapo umeme na mashine ni vya kubahatisha. Haizimi ubongo wote. Huutenga na habari za mwili, ubongo ukabaki unajitengenezea picha zake. Ndiyo maana watu huota ndoto nzito, huona wafu, huhisi wanaelea. Ikiwa hilo lilikupata, mwambie daktari. Anaweza kuchagua dawa nyingine, au kuongeza ya kutuliza ndoto. Hukurogwa, wala hukuwa na wazimu.

Yale usiyoweza kusema mbele ya mwanao

Turudi kwa yule kijana. Alikuwa mtoto mwema, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Hata hivyo hakufaa kuwa mkalimani. Maswali ya daktari wa usingizi ni ya ndani: unakunywa pombe kiasi gani? Unatafuna miraa? Unaweza kuwa na mimba? Unatumia dawa za VVU? Ni mama gani wa kwetu atayajibu hayo kupitia mdomo wa mwanawe?

Na kila swali lina kazi yake. Miraa ina kathinoni, kemikali inayoamsha moyo na presha kama zinavyofanya dawa za kulevya za kuchangamsha. Ikikutana na dawa za usingizi, presha na mapigo vinaweza kuyumba. Uingereza miraa imepigwa marufuku tangu mwaka 2014, kwa hiyo watu huificha. Daktari wa usingizi hakuulizi ili akupeleke polisi. Anauliza apime dozi. Mnywaji wa pombe kila siku anaweza kuhitaji dawa tofauti na asiyekunywa. Mvutaji sigara ana mapafu yanayokasirika upesi. Dawa za kienyeji, hata vidonge vya kitunguu saumu, baadhi huongeza damu kutoka. Hata piko kwenye kucha ina habari yake: kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni na kupitisha mwanga, na rangi nyeusi inaweza kukichanganya. Waambie, watakiweka sikioni.

Kwenye hospitali za umma za Uingereza una haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Omba mapema, unapopata barua ya miadi, na useme ni Kiswahili cha wapi kama kuna tofauti itakayokusumbua. Mtoto aje kukushika mkono. Kazi ya kutafsiri muachie mwenye kazi yake.

Wakati wa kuamka

Mgonjwa anapoletwa kwangu, dawa bado zinatoka mwilini. Mofini na fentanili za maumivu huweza kupunguza pumzi, kuwasha ngozi, kuleta kichefuchefu na kufunga choo. Kwa hiyo tunakuamsha na kukuambia vuta pumzi hata kama unataka kuachwa ulale. Koo huuma kwa sababu ya mpira. Kwa muda wa saa 24 usiendeshe gari, usipike peke yako, usitie saini karatasi yoyote, hata kama unajiona mzima.

Wazee ndio wanaonigusa zaidi. Wengine huzinduka wakiweweseka. Kiingereza walichokitumia miaka ishirini kinapotea, wanabaki na lugha ya mama. Mtu anaita majina ya nduguze, anang'oa dripu, anataka kwenda nyumbani, na wauguzi wanadhani ni mkorofi. Hali hii kwa kawaida hupita, kwa siku au wiki, lakini isipuuzwe. Mletee miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Keti naye mchana. Zungumza naye kwa lugha yake, umwambie yuko wapi na ni siku gani. Nimeona mzee aliyekuwa ameshikwa na watu wawili akitulia kwa kusikia mjukuu wake akisema "Shikamoo babu" kwenye simu.

Karatasi moja

Kabla ya siku ya upasuaji, chukua karatasi uandike: dawa zote unazomeza, za hospitali na za kienyeji, magonjwa yako, mzio, meno yanayolegea au ya bandia, upasuaji wa zamani na kilichotokea, nani katika ukoo alipata shida, unachovuta, unachokunywa na unachotafuna. Siku yenyewe ongeza mstari mmoja: kitu cha mwisho kilichopita mdomoni na saa yake. Usiandike "chakula". Andika "kitu".

Yule mama alirudi baada ya majuma kadhaa. Safari hiyo mkalimani alikuwepo kwenye simu, na kijana alikaa nje na kitabu chake. Nilipopita kumsalimia, mama aliniambia kwa fahari kwamba hata maji ya kusukutua aliyatema. Nikamwambia maji angeweza kunywa, mradi yakome muda wa saa 2 kabla. Akacheka, akasema, "Sasa mbona hamkunieleza vizuri tangu mwanzo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mchana nilimpokea chumba cha kuzindukia akipumua mwenyewe, mapafu yake safi. Alipofumbua macho aliniuliza saa, kisha akauliza kama sasa anaweza kupata chai.